Mashine ya Kikombe Kimoja

Kitu cha kwanza alichokiona Kadija kwenye picha ni kwamba chini ya ule mdomo mdogo wa mashine ya kahawa palikuwa na nafasi ya kikombe kimoja tu.

Wengine hawakuliona hilo. Simu ya kaka yake, Lukumani, ilikuwa ikipita mkono kwa mkono juu ya mkeka, na kila aliyeishika aliona chake. Raïssa, mke wa Lukumani, aliona rangi, akasema ile nyekundu ndiyo itakayopendeza pale karibu na pazia. Shangazi Mapendo aliuliza kama kitu hicho hakilipuki. Mzee Tambwe, baba yao, aliisogeza simu mbali na macho, akaisogeza karibu, kisha akairudisha. Kadija yeye aliiona picha kutoka juu, amesimama nyuma ya mabega yao, birika mkononi.

"Unaweka kidonge hapa," Lukumani alieleza. "Unafunga. Unagusa hapa. Kawa inatoka yenyewe."

"Kidonge?" Shangazi aliweka kikombe chake chini. "Minye asubuhi nameza kidonge cha presha, mangaribi nameza cha miguu, sasa na kawa nayo iwe kidonge? Si munipeleke tu hospitali nikalale kule?"

"Si cha kumeza, shangazi. Ni kikopo kidogo, kawa iko ndani, imeshasagwa."

"Nani aliisaga?"

"Watu wa kiwanda."

"Waliosha mikono?"

Raïssa alicheka hadi akashika tumbo. Lukumani hakukata tamaa. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, na kazi yake ilimfundisha kwamba mteja anayeuliza maswali mengi ni mteja aliyekwisha kuingia dukani. Mashine ya namna hiyo aliiona Bujumbura, nyumbani kwa mtu waliyefanya naye biashara, na tangu siku hiyo haikumtoka kichwani.

"Na zaidi ya yote," alisema, "ni kwa ajili ya Kadija. Muangalie mikono yake."

Wote wakageuka kuiangalia mikono ya Kadija. Yeye akaificha nyuma ya birika, lakini birika lilikuwa la moto, akalazimika kuitoa tena.

Nyumba yao ilikuwa mtaa wa Mulongwe, si mbali na mto. Tangu mwaka ule maji yalipoingia hadi ndani, jiko walilijenga juu ya matofali, na kinu cha kahawa kikapata mahali pake juu ya meza ya mbao. Hapo ndipo Kadija alipoanzia siku yake. Buni walizinunua kwa mama mmoja wa Kamanyola, mbichi, za kijivu. Kadija alizikaanga mwenyewe kwenye kikaango cha chuma, akizigeuza mpaka zilie na kupasuka na kuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, si nyeusi kabisa. Kisha alizitwanga na kipande cha tangawizi. Alama za kuungua kwenye vidole vyake zilitokana na kikaango hicho, na hazikuwa zikimsumbua kama kaka yake alivyofikiri.

Kilichomsumbua kilikuwa kingine.

Katika nyumba ya Mzee Tambwe kahawa ilikuwa na adabu zake. Hakuna aliyepeleka kikombe mdomoni mpaka kila mtu awe ameshika chake. Akiingia mgeni katikati, wote hushusha vikombe vyao, hungoja naye apewe. Mzee alizikuta adabu hizo kwa baba yake, na huyo naye alizikuta kwa babake. Vikombe vikishajaa, yeye huutazama mkeka mzima uso kwa uso, kisha husema, "Bismillahi," na hapo ndipo mvuke wa kwanza unapopulizwa. Majirani walijua. Kulikuwa na wazee waliosema kwamba kahawa ya kwa Tambwe ni tamu kwa sababu ya kungojwa.

Lakini anayemimina hakai. Husimama karibu na mlango, kwa sababu baada ya kikombe cha kwanza kuna cha pili, na huenda kuna mgeni. Wakimaliza, hubeba sinia na birika hadi jikoni. Kule hupindua birika juu ya kibakuli cha bati, hunywa kilichobaki: vuguvugu, kizito, machicha yakikwaruza koo.

Mama yake Kadija aliinywa hivyo. Kadija alimkumbuka amechuchumaa jikoni na kibakuli kilekile, akiegemea ukuta, macho kayafumba. Mama alipofariki, Kadija alikuwa shule ya msingi, primaire ya tano. Hakuna aliyemwambia aache shule. Asubuhi tu ilifika, watu wakawa wamekaa kwenye mkeka, na birika halikuwa na mtu. Akalishika. Tangu siku hiyo hakuliachia.

Alichokitamani kilikuwa kitu kidogo hata akaona haya kukiwaza: kunywa kahawa ingali na mvuke, amekaa na wenzake, akisikia "Bismillahi" ya baba kama mtu anayeambiwa na yeye. Basi. Aliipenda kahawa kuliko wote waliokaa pale, na hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akiinywa.

Sasa aliitazama ile picha na hakujua aiombee mashine ije au isije. Ikija, labda naye atakaa kama wengine. Lakini ikija, birika litawekwa stoo, naye Kadija ataingia sebuleni kwa sababu gani? Kwa mtu asiyejua kuongea mbele ya watu, birika ni kama ruhusa. Ukiwa nalo hakuna anayekuuliza umefuata nini.

"Tutaenda kuiona," Mzee Tambwe alisema hatimaye. "Kitu cha kuingia nyumbani kwangu sikichagui kwenye simu. Twende wote."

"Wote, baba? Hata Kadija?" aliuliza Raïssa. "Wifi yangu hana habari na kawa, kuipika tu ndiyo kazi yake."

"Wote ni wote," alisema mzee.

Duka lilikuwa kwenye barabara kubwa, lenye friji mlangoni na feni zilizofungwa kwenye plastiki. Mwenye duka aliitwa Arakaza, mwanamke mnene mwenye sauti ya furaha, na vitu vyake vingi vilivuka mpaka kutoka Bujumbura. Alipoona familia nzima inaingia, mzee mbele na kofia yake ya sala, alidhani wamekuja kununua friji.

"Karibuni! Karibuni! Mzee, kaa hapa. Mama, na weye kaa."

Mashine zilikuwa mbili juu ya meza. Moja nyeusi, ndogo, ya mviringo kama kobe aliyeinua kichwa. Ya pili nyekundu, ndefu, na ubavuni ilikuwa na chombo cha kutoa povu la maziwa. Raïssa alikwenda moja kwa moja kwa ile nyekundu, akapitisha kidole juu yake.

"Hii iko muzuri kwa nyumba yenye wageni," alisema Arakaza. "Lakini sitakudanganya, dada. Vidonge vyake ni vya namna yake, na havifiki hapa kila wakati. Ile nyeusi, vidonge vyake haviishi. Kila juma vinaingia."

"Basi nyeusi," alisema Lukumani.

"Nyekundu," alisema Raïssa.

"Tuonje kwanza," alisema Mzee Tambwe.

Arakaza hakusita. Aliwasha jenereta nyuma ya duka, akajaza maji kwenye mashine nyeusi, akapanga vikombe vidogo vya kaure. Aliweka kidonge, akafunga, akagusa. Mashine ikanguruma kama paka aliyekanyagwa mkia, Shangazi Mapendo akaruka na kiti chake, na uzi mwembamba wa kahawa ukaanza kushuka. Juu yake likakaa povu la rangi ya asali.

Harufu ilipomfikia, Kadija alifumba macho. Ilikuwa nyepesi kuliko ya kwake, haikuwa na tangawizi, lakini ilikuwa kahawa ya kweli. Aliyekaanga buni zile aliziondoa motoni mapema kidogo tu.

"Cha kwanza cha mzee," Arakaza alisema, akampa kwa mikono miwili.

Mzee Tambwe alikipokea, akashukuru, akakiweka juu ya goti.

Arakaza alingoja. Mzee naye alingoja.

"Kunywa, baba. Itapoa."

"Bado watu wangu."

Arakaza akacheka, akadhani ni utani. Akatengeneza cha pili, akampa Shangazi. Shangazi naye akakishika mbele yake kama mshumaa. Cha tatu kilipoanza kushuka, jenereta ilikohoa mara kadhaa, ikazimika. Mafuta yalikuwa yamekwisha. Arakaza alitoka na kidumu, akamtukana mtu asiyeonekana, akarudi, akaivuta kamba, akaivuta tena. Mashine nayo ilibidi ianze upya kuchemsha maji. Lukumani akapata kikombe chake. Raïssa akapata cha kwake.

"Sasa kunyweni, jamani! Munanitia woga. Munafikiri niliweka sumu?"

"Hapana, mama," alisema Mzee Tambwe kwa upole. "Iko mmoja bado hajapata." Akaelekeza kidevu kwa Kadija, aliyekuwa amesimama kando ya feni. Dukani hakukuwa na birika la kumpa mtu sababu ya kusimama. Alisimama kwa mazoea.

"Huyu hanywi sana kawa," alisema Raïssa.

"Mpe. Ni mtu wa nyumbani."

Kikombe cha tano kikashuka, povu likakaa juu, na Arakaza akamletea Kadija mkononi. Mzee Tambwe akawatazama uso kwa uso, wote, hata Arakaza. "Bismillahi," alisema.

Wakanywa.

Shangazi Mapendo ndiye aliyekuwa wa kwanza kukunja uso. Lukumani alimeza haraka, kama mtu anayeficha kosa la rafiki yake. Raïssa alitazama ndani ya kikombe; povu lilikuwa limekufa, limebaki utando kuzunguka ukingo.

"Iko baridi," Shangazi alisema.

"Iko baridi," mzee alikubali, kwa huzuni, kwa sababu hakupenda kumfedhehesha mtu dukani kwake. "Mashine iko nguvu, mama, lakini inatoa kawa baridi."

"Baridi? Mashine yangu?" Arakaza alishika kiuno. "Baba, si ni muda wote mulikuwa mumeishika kama mayai! Hii mtu anapewa, anakunywa, anaenda kazini. Haiko ya kungojana!"

"Kunywa mbele ya wenzako hawajapata?" Shangazi aliuliza. Aliuliza kweli, alitaka kujua kama watu wa namna hiyo wapo.

Kando ya feni, Kadija hakusema kitu, na hata angetaka asingeweza. Alikuwa amekunywa kama alivyozoea kunywa jikoni, funda kubwa kwa mara moja, na kahawa ikamuunguza ulimi. Machozi yalimjaa. Akameza. Moto ule ukashuka kifuani, ukatulia pale, ukakaa. Aliporudi kuonja kwa ncha ya midomo, polepole, povu likiwa bado juu, alielewa kwa nini mama yake alikuwa akifumba macho juu ya kile kibakuli cha bati. Alikuwa akiitafuta hii.

"Na weye, Kadija?" Lukumani alimuuliza. "Unaonaje?"

Wote wakamgeukia, na Arakaza pia, kwa matumaini.

"Iko sawa, yaya," alisema Kadija, kama alivyozoea kumwita kaka yake mkubwa, akatazama miguu yake.

Siku nzima ulimi wake ulikuwa na mahali pakavu, pa kukwaruza. Aliupitisha kwenye kaakaa kila mara kuhakikisha kwamba papo. Alifua, akachagua mchele, akaogesha watoto wa Raïssa, na mahali pale palikuwa papo. Ukweli wa jambo ulikuwa wake peke yake: mashine haikutoa kahawa baridi. Ilikuwa imemuunguza. Wa mwisho katika nyumba yao, kwa mara ya kwanza, ndiye aliyepata ya moto. Na kesho baba atamwambia Lukumani ampigie Arakaza simu ya kukataa, na jambo litaisha, na kibakuli cha bati kitamngoja pale ukutani kiliponing'inizwa.

Asubuhi ilifika. Alikaanga, akatwanga, akachemsha. Alipanga vikombe kwenye sinia: cha baba, cha shangazi, cha kaka, cha wifi. Akamimina, akarudi mlangoni na birika lake, nao wakatazamana, baba akasema neno lake, wakanywa.

"Hii ndiyo kawa," alisema Shangazi Mapendo, akapuliza mvuke. "Lukumani, mpigie simu yule mama. Mwambie tunamshukuru."

"Nimwambie nini sasa? Atasema tumemchezea."

"Mwambie kweli," alisema Mzee Tambwe. "Mashine yake inatoa kawa baridi. Si dhambi. Atauza kwa wengine."

Lukumani akachukua simu. Kadija akaupitisha ulimi wake kwenye kaakaa. Mahali pale palikuwa pameanza kupona. Kesho pasingekuwapo tena, na hata yeye angeanza kuwa na shaka.

"Yangu ilikuwa ya moto," alisema.

Alisema chini sana, na Raïssa peke yake ndiye aliyesikia. "Wifi, umesema nini?"

"Ya jana. Dukani. Yangu ilikuwa ya moto. Iliniunguza ulimi."

Lukumani aliishusha simu. Shangazi Mapendo akaanza kucheka. "Weye ulikuwa wa mwisho ndiyo maana! Sisi tumengoja, weye umekuta imetoka saa hiyohiyo. Kumbe siri ya ile mashine ni kuwa wa mwisho!"

"Basi tununue," alisema Raïssa, "wa mwisho nitakuwa minye."

"Weye mtoto? Minye ndiye mkubwa, wa mwisho ni minye."

"Shangazi, tangu lini mkubwa anapewa mwisho?"

"Tangu leo!"

Walikuwa wakicheka wote isipokuwa Mzee Tambwe. Yeye alikuwa akimtazama binti yake pale mlangoni, uso, kisha mikono, kisha sinia. Vikombe vinne vilikuwa vimetoka kwenye sinia, na sinia lilikuwa tupu.

"Na hapa nyumbani?" alimuuliza. "Hapa weye si wa mwisho pia?"

Kicheko kikapungua.

"Ndiyo, baba."

"Na ya hapa? Ni ya moto?"

Kadija alitamani asingeulizwa. Alitazama birika. "Ya hapa ninakunywa jikoni, mukimaliza. Ile inayobaki."

"Mama yako naye," alianza Shangazi Mapendo, kisha akanyamaza. Alionekana kama mtu aliyefungua mlango wa chumba alichodhani anakijua. "Mama yako naye alikuwa anakunywa jikoni," alimaliza, polepole.

Kikombe cha Mzee Tambwe kilikuwa kimefika nusu. Alikirudisha kwenye sinia bila kukimaliza, na kaure ikagonga bati.

"Jana dukani," alisema, "nilimwambia yule mama kuna mmoja hajapata. Nilijisikia vizuri kusema vile." Akasita. "Hapa kila asubuhi nawatazama wote, nasema Bismillahi. Na iko mmoja hajapata."

Nje, jirani alikuwa akiita kuku wake. Mzee akashika goti, akainuka kwa taabu, akamfuata Kadija mlangoni, akamnyooshea mkono. Kadija hakuelewa anataka nini mpaka alipolishika birika kwa mpini na kulivuta.

"Kaa," alimwambia.

"Baba, litakuunguza."

"Linaniunguza kweli. Kaa."

Raïssa alisogea, akapiga mkeka kwa kiganja, na Kadija akakaa kati yake na shangazi, magoti yamebanana, kama mgeni aliyekuja kuposa. Shangazi Mapendo akamgonga kiwiko. "Legeza miguu. Hapa ni kwenu."

Lakini hakukuwa na kikombe. Vilikuwa vinne vya seti, vya kaure, vyenye ua la bluu. Cha tano kilivunjika zamani, na hakikununuliwa kingine kwa sababu kati ya waliokaa hakuna aliyekikosa. Mzee Tambwe alisimama na birika, akitupa macho huku na huku.

Lukumani bado alikuwa na simu mkononi. Aliitazama ile picha, nyekundu na nyeusi, akaizima. Alikuwa mtu wa kupenda kutoa, na sasa zawadi yake ilikuwa imemponyoka. Sauti yake ilitoka kama ya kijana aliyekosea njia.

"Basi, Kadija. Mashine siinunui kama hamuitaki. Lakini minye nilitaka kukununulia kitu. Niambie weye mwenyewe. Nikununulie nini?"

Kadija aliona kwamba wote wanangoja. Walikuwa wamevishusha vikombe vyao, kama wanavyofanya mgeni akiingia, na mvuke ulipanda mbele ya nyuso zao bila kuguswa. Hawakuwa na haraka. Angeweza kusema "iko sawa, yaya," nao wangemsamehe.

"Kikombe," alisema. Kisha, kwa kuwa mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka: "Minye napenda kawa. Naipenda sana."